Vipimo vyote safi, mwili wote unauma

SWALI: Habari dokta, mi ni mama wa watoto watatu hapa Arua, nauza mitumba sokoni. Mwaka wa tatu sasa mwili wote unauma, shingo, mabega, mgongo, mapaja, hata nikifunga kitenge kiunoni naona kama nimefungwa waya. Nimetibiwa maleria, taifodi, brusela, dripu sijui ngapi, maumivu palepale. Mwezi jana daktari mmoja Kampala kasema ni faibromayaljia na haina dawa ya kuimaliza. Mume wangu anauliza, kama vipimo ni safi unaumwa nini? Sasa hilo jina linanisaidia nini?

JIBU: Pole sana dada yangu, na kwanza nakuamini, unaumwa kweli. Ugonjwa huu hauonekani kwenye damu wala eksirei, maana shida iko kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, kitu kidogo kikigusa mwili, ubongo unakisikia kama redio iliyofunguliwa mpaka mwisho, ndio maana kitenge kinageuka waya. Damu tunapima kuondoa yanayofanana nao, kama baridi yabisi, tezi ya shingo, upungufu wa damu.

Kwa vigezo vya Marekani vya 1990 daktari alikuwa anabonyeza sehemu 18 mwilini, zikiuma 11 au zaidi anakubali ni ugonjwa huu. Tangu 2010 wanauliza zaidi: maumivu yameenea wapi, yamefika miezi 3, unaamka umechoka kama hujalala, unasahausahau? Kwa hiyo yule aliyekaa akakuuliza yote hayo, huyo ndio kakupima.

Jina linasaidia nini? Mi naona kubwa ni kuacha kukimbizana na dripu. Kile kipimo cha Widal cha taifodi kinaweza kusema unayo na wala huna, na hela ya mtaji ndio inaishia huko. Wapo wanaolia wakisikia haiponi, wengine wanalia kwa sababu hatimaye wameaminiwa, na wengine yote mawili siku hiyohiyo, usijilaumu. Lakini jua haiui na hailemazi viungo. Dawa ya amitriptilini kidogo usiku inawasaidia baadhi kulala, muulize daktari wako, ila kinachosaidia zaidi ni kutembea, anza dakika 5 tu uongeze polepole, na siku ukiamka vizuri usibebe mabelo ya wiki nzima.

Mumeo nenda naye kliniki asikie mwenyewe, aulize hilo swali lake palepale mbele ya daktari. Na kiungo kikivimba, homa ikija, au ukikonda bila sababu, rudi upimwe, usiseme aa ni ileile.