Jibu: Rangi za maji, unachora lini na mawazo unayatoa wapi?

Ndugu, umeuliza kama ni lazima kuchora kila siku, na mawazo yanatoka wapi. Mimi nipo Kigoma. Asubuhi nyingi kabla ya kazi nakaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi kwenye Ziwa Tanganyika, na kidaftari, mitumbwi ikirudi na dagaa. Picha ndogo tu, nyingine naacha nusu.

Mwalimu wangu mkubwa ni dagaa walioanikwa. Kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe, kwa hiyo ule mng'ao wa dagaa unaamua kuuacha kabla hujalowesha brashi. Anza na rangi hafifu, nzito mwisho. Kiangazi karatasi hukauka kabla rangi za anga hazijachanganyika. Ilowanishe pande zote mbili. (Tafuta karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya daftari la shule utaichukia.)

Mawazo? Jua likizama upande wa Kongo kila mtu anataka kulichora; mimi limenichosha. Napendelea MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, na vivuli vya miembe Ujiji. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa, wanapumzika, nami nachora nyavu na mitumbwi iliyovutwa nchi kavu.

Wewe unatumia karatasi gani?