Fundi Anajibu: Vespa imeshika pistoni mara mbili

SWALI: Assalaam alaykum mzee wangu. Nina skuta, Vespa PX 150, niliyoachiwa na ami yangu. Mwezi wa Ramadhani ilinishika njiani nikitoka Chwaka, gurudumu la nyuma likaburura nikaona leo basi tena. Fundi akabadilisha pistoni na ringi, akasema oili ilikuwa kidogo. Haikutimia wiki tatu ikashika tena, na safari hii nilikuwa nachanganya kwa kipimo. Siku mbili tatu kabla ya kushika, nikiachia resi injini haitulii, inapanda yenyewe na kulia. Tena gia ya pili inaruka. Sasa fundi mwengine anataka kuishusha injini yote. Naibiwa?
Msomaji, Kiembesamaki

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Huibiwi. Aliyekupotezea pesa ni yule wa mwanzo, na wala simwiti mwizi, alikuwa na haraka tu. Pistoni haifi yenyewe, inauliwa. Ukitia mpya bila ya kumjua muuaji, na hiyo nayo umeipeleka kaburini.

Barua yako imeshamtaja. Hiyo injini kupanda yenyewe ukiachia resi ndiyo alama. Vespa yako ni tu-stroki, haina oili yake ya kuiogesha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kama hizi pikipiki za bodaboda. Oili inakwenda pamoja na petroli, inapita kwanza kwenye chumba cha krenki, kisha ndiyo inapanda juu ya pistoni. Chumba hicho kinatakiwa kisivuje hata pumzi. Kimezibwa na oili sili mbili, moja upande wa flaiwili, lile gurudumu zito lenye feni pembeni mwa injini, moja upande wa klachi. Mpira ukishakauka kwa uzee, ile ya flaiwili inafyonza hewa kutoka nje. Hewa inazidi, petroli inapungua, na oili iliyomo ndani ya petroli inapungua nayo. Injini inakimbia bila ya kuambiwa, joto linapanda, alumini ya pistoni inatanuka na kuganda kwenye silinda. Unaweza kuchanganya oili kwa mizani ya dhahabu, haitakusaidia.

Ile ya klachi ikichoka, dalili zake ni nyengine: injini inakunywa oili ya giaboksi, moshi unakuwa mweupe mzito, na ile robo lita uliyoitia chini inapungua wala huoni tone sakafuni. Wewe hukutaja hayo, kwa hiyo mimi mkono wangu ungekwenda kwenye flaiwili kwanza. Ivue, utazame nyuma yake penye koili. Ukikuta pameloa na kunuka petroli, muuaji umemkamata.

Sili hiyo ya flaiwili inabadilishwa injini ikiwa pale pale kwenye bodi. Ningekwambia uishie hapo, kama si hiyo gia ya pili. Kaza kwanza kebo zake mbili zisiwe na ulegevu, upande ujaribu. Ikiruka bado, ndani ya giaboksi kuna kipande cha chuma chenye mikono minne kama msalaba, ndicho kinachoshika gia moja baada ya nyengine. Ncha zake zikilika haishiki tena, inateleza. Kukitoa lazima injini igawanywe vipande viwili, na kugawanywa lazima ishuke. Fundi wako wa pili kasema kweli.

Kuishusha si kazi ya kuogopa. Corradino D'Ascanio, aliyeichora Vespa ya mwanzo kule Italia, ikasajiliwa mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na hakutaka mnyororo. Injini, giaboksi na gurudumu la nyuma akavifanya kitu kimoja, kimeshikwa na bolti moja ndefu mbele na bolti ya shokapu nyuma. Zitoe hizo mbili, mwenzako anyanyue bodi, injini inabaki chini na gurudumu lake unaisukuma kama toroli.

Lakini utaratibu una mpangilio wake. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ilegeze mwanzo, mtu akiwa kakanyaga breki ya nyuma. Vijana wengi wanakata kebo ya breki kwanza, halafu wanakuja kwangu wamebeba injini kwenye mkokoteni, nati haijalegea na gurudumu linazunguka bure. Kisha mwaga oili ya gia ingali vuguvugu, vua sailensa, bomba la petroli, kebo ya resi na ya choki. Kebo mbili za gia zitie alama, moja ifunge uzi mwekundu, maana ukizigeuza utatafuta gia ya kwanza utaipata ya nne. Nyaya za umeme kwenye kile kiboksi cheusi zipige picha kwa simu. Zamani tulichora kwenye karatasi ya sigara.

Bolti ile ndefu ndiyo mtihani. Hapa kwetu hewa ya chumvi inaigandisha ndani ya bomba lake. Mwaka wa kwanza niliposhika spana niliipiga nyundo kwenye ncha tupu, nyuzi zikavimba kama uyoga, haikwenda mbele wala haikurudi nyuma. Mwalimu wangu hakunipiga. Alinipa msumeno tu, nikakata tangu asubuhi mpaka alasiri. Kwa hiyo: mimina mafuta ya kulainisha siku mbili kabla, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti, ndipo upige juu ya nati, na nyundo iwe ya shaba au uweke kipande cha mti katikati.

Injini ikishagawiwa, mwambie fundi asitie bisibisi katikati kupekecha. Mchubuko mmoja kwenye alumini ni mlango mpya wa hewa, na tumerudi tulikotoka. Tena kwenye PX krenki yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga njia ya petroli, inapita karibu sana na uso mmoja laini uliomo ndani ya kesi, yaani ganda la injini. Uso huo ukiwa na mikwaruzo mirefu, injini itasumbua kuwaka na hakuna kabureta itakayoitibu. Upitishe kidole, kidole kinajua kuliko jicho.

Shika mkono wa pistoni uuvute juu na chini. Kuyumba kidogo kwa pembeni kunaruhusiwa. Ukisikia "tk" juu-chini, krenki imekwisha. Pistoni ikishika mara mbili inamwaga unga wa alumini humo ndani, basi beringi zote mbili za krenki na sili zote badilisha, usihesabu shilingi hapo. Beringi mpya mimi nazilaza kwenye friza usiku kucha, pembeni ya barafu za ubuyu za mama wa nyumbani (nimeshagombezwa sana kwa hili), halafu kesi naipasha moto. Alumini inatanuka kuliko chuma, beringi inazama yenyewe kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukisikia fundi anagonga beringi kwa nyundo, mwage chai yako ukaangalie.

Silinda ipeleke kwa fundi kereza mwenye kipimo. Ya asili ina milimita 57.8, na pistoni za kuongezea zinakuja 58.0, 58.2 na 58.4. Nunua pistoni kwanza, ndipo ichongwe kuifuata, si kinyume chake. Mshale juu ya pistoni uelekee kwenye sailensa. Mdomo wa kesi uzibe kwa kitambaa wakati wa kutia vile vikonyo vya waya vinavyoizuia pini ya pistoni isitoke, kimoja kikitumbukia unaanza upya.

Na lile kava jeusi la plastiki linalofunika silinda lirudi mahali pake! Naona Vespa nyingi mjini hazina. Feni ya flaiwili inapuliza upepo ili kava liupeleke kwenye silinda. Bila kava unawapulizia wapita njia.

Ikishawaka, kilomita mia chache za mwanzo usiikamue, wala usishike resi mahali pamoja kwa muda mrefu. Ifungue, iachie. Kisha vua plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni salama. Nyeupe kama chokaa, usifike Chwaka.

SWALI: Baba ni mvuvi, ana mashine ya boti ya tu-stroki na madumu ya oili yake yamejaa nyumbani. Naweza kuitia kwenye skuta?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Usitie. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, na oili yake, ile iliyoandikwa TC-W3, imetengenezwa kwa joto hilo la chini. Skuta inapozwa na upepo, silinda yake ni ya moto zaidi. Tafuta dumu lililoandikwa JASO FC au FD, ndizo alama za ubora wa oili ya tu-stroki. Kwa PX changanya mililita 100 kwenye lita tano za petroli, utikise. Siku ukikwama njia ya mashamba na hapana nyengine, tia ya baba ufike nyumbani polepole. Ni afadhali kuliko petroli tupu.

SWALI: Vespa imekaa storeni miaka sita. Niipige kiki tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: La. Vua plagi, dondoshea oili kijiko kimoja kwenye tundu, iache mpaka kesho. Izungushe flaiwili kwa mkono taratibu. Ikikataa usiilazimishe, vua kichwa uone kutu imekaa wapi. Ikizunguka, mwaga petroli yote ya zamani, osha tangi na kabureta, badilisha bomba la petroli. Sili za miaka hiyo mimi siziamini, na hapo soma jibu la kijana wa Kiembesamaki.