Uliza Ujibiwe: Gesi inanuka, niwashe taa?

Swali: Ndugu wahariri, salaam. Nimeacha mkaa, sasa napikia gesi. Mtungi wa kilo 15 nimeuweka chini ya meza ya jiko. Juzi alfajiri nilisikia harufu, nikakimbilia swichi niwashe taa nione inatokea wapi, mume wangu akanishika mkono. Nilikosea nini?
*Mama wa watoto wawili, Mbagala, Dar es Salaam*

Jibu: Mumeo alifanya vyema sana, dada. Ndani ya swichi hutoka cheche kila inapobonyezwa, na cheche hiyo inatosha kulipua gesi. Kuzima nako ni vilevile. Kwa hiyo taa inayowaka iache iwake, iliyozimwa ibaki hivyo hivyo. Pangaboi usiliguse, friji usiichomoe, na simu itumie ukishafika nje.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Moshi hupanda darini, gesi hutambaa sakafuni: inajaa chini ya meza, inaingia kabatini, inapenya chini ya mlango hadi chumba cha pili. Unaweza kusimama jikoni ukasikia harufu kidogo tu, kumbe kwenye miguu imejaa. Kwa sababu hiyo fungua mlango wa nje kwanza, madirisha yafuate. Dirisha liko juu, gesi iko chini. Funga valvu ya mtungi kwa kuzungusha kulia hadi mwisho, kisha tokeni wote. Kama harufu ni kali mno, valvu iache, toa watoto, halafu piga 114 kwa Zimamoto ukiwa mbali na nyumba.

Harufu ikishakwisha kabisa, tafuta panapovuja. Koroga kijiko cha sabuni ya maji katika kikombe cha maji, chovya sponji, upake kwenye maungio ya regulata (kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha ya gesi) na mtungi, kwenye ncha zote mbili za mpira na kwenye vitasa vya jiko. Hakikisha jiko limezimwa, ndipo ufungue valvu. Povu likivimba na kuendelea kukua, hapo ndipo penye tatizo. Kiberiti kisikaribie kabisa. Tunalisema kwa uchungu, maana wapo wanaopima kwa moto.

Mara nyingi kosa huwa ni kiraba kidogo cha duara kwenye mdomo wa valvu, kilichochakaa au kilichodondoka mtungi ulipobadilishwa, au mpira wenyewe. Ukunje mpira kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba, au umekakamaa, nunua mwingine leo hata kama hauvuji. Uwe mpira wa gesi, si wa kumwagilia bustani, na kila ncha ibanwe kwa klipu ya chuma. Gundi na selotepu haziuponyi. Mtungi usimame wima siku zote. Ukilala, gesi ya kimiminika huingia kwenye regulata, na kimiminika hicho kikitoka hutanuka zaidi ya mara 200.

Swali: Ekstensheni yangu ina birika, pasi na friji. Waya wake huwa wa moto. Ni kawaida?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Si kawaida. Soketi ya ampia 13 hubeba wati 3,000 hivi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja vimeshapita, friji bado hatujaihesabu. Soma maandishi kwenye ganda la waya: waya wa 0.75 (ukubwa wake kwa milimita za mraba) hubeba ampia 6 tu, wa ampia 13 ni 1.25. Birika, pasi na friji vichomekwe ukutani moja kwa moja. Fyuzi ikikatika usiweke kipande cha waya mahali pake. Fyuzi hukatika ili waya usiungue.

Swali: Madirisha yetu yote yana nondo kwa ajili ya wezi. Moto ukizuka usiku tutatokea wapi?
*Baba Amina, Mombasa*

Jibu: Swali hili, kaka, laiti kila nyumba ya pwani ingejiuliza. Mwite fundi wa kuchomelea akate fremu ya nondo kwenye dirisha moja la kila chumba cha kulala, aweke bawaba na kufuli la ndani. Mlango wa chumba ulale umefungwa, maana mlango uliofungwa huchelewesha moshi. Moshi ukiingia, tambaeni. Hewa safi iko karibu na sakafu. Mkishatoka, asirudi mtu ndani, hata kwa vyeti.

Ufunguo wa kufuli utundikwe kwenye msumari ndani ya chumba hicho hicho, mtoto mwenye umri wa kuufungua aufikie, lakini mkono wa mwizi usiufikie kutoka nje. Kisha zimeni taa, mwambieni mtoto afungue gizani, mpaka mikono yake izoee.