Ukocha wa hoki ya barafu baada ya kucheza chuoni

Dada, umeuliza kama mwanao, anayemaliza chuo huko Marekani bila kupata timu ya kulipwa ya hoki ya barafu, anaweza kuishi kwa ukocha. Anaweza, ila ataanzia chini kabisa.

Mtazame Jerry York, kocha wa hoki ya vyuo vya Marekani. Aliichezea Boston College miaka ya 1960, akawa kocha msaidizi katika chuo kikuu cha Clarkson, na mwaka 1972 akakabidhiwa timu. Akahamia chuo kikuu cha Bowling Green, akatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo 1984. Mwaka 1994 alirudi chuoni kwake, Boston College, na huko misimu mitatu ya mwanzo timu ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Walimvumilia. Akaleta mataji manne: 2001, 2008, 2010 na 2012, akastaafu 2022 akiwa na ushindi 1,123. Mimi huwaonyesha vijana ile misimu mitatu kabla ya mataji.

Kazi ya msaidizi si mazoezi tu. Yuko safarini kila mara, akitazama wachezaji wa ligi za vijana na kuzungumza na wazazi wao, kwa mshahara mdogo. Timu za vyuo za wanaume za daraja la kwanza ni sitini na kitu tu nchi nzima, kwa hiyo asitegemee kupata nafasi karibu na nyumbani.

Shahada aimalize kwanza, hilo halina mjadala. Kisha amwombe kocha wake ampe kazi ya kuchambua video za wapinzani, na kiangazi akafundishe watoto huku akisoma kozi za ukocha za USA Hockey, shirikisho la hoki ya barafu la Marekani.