Marashi ya asumini ukiwa unanyonyesha

Dada, hongera kwa mtoto. Umesema bustani ilikutuliza ukiwa mjamzito, sasa unataka kuishukuru, na unataka marashi ya asumini zake ila unahofia yasije yakamdhuru mwanao.

Chuma maua jioni yakianza kufunguka, yakiwa makavu. Maji ndiyo huleta ukungu. Yazamishe kwenye mafuta ya nazi. Usichemshe, moto huua harufu. Kesho yake yatoe, weka mapya, rudia mpaka mafuta yenyewe yanukie. Shukrani kwa bustani? Usiumalize mti, nyuki nao wanauhitaji.

Jipake miguuni, kamwe si kifuani: kichanga humtambua mama kwa harufu yake. Kwanza jaribu tone mkononi, usubiri siku nzima. Mtoto akitoka vipele, acha na umwone daktari. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.