Jibu: Mapaja kuisha kwenye miteremko ya msituni

Mkuu, umeuliza kwa nini mapaja yanakufa kwenye miteremko baada ya kukimbia kilomita 25, ilhali kupanda unapanda vizuri. Shida ni breki. Ukishuka kwa hatua ndefu, kisigino kinatua mbele ya mwili, na msuli wa paja unavutwa huku umejikaza. Ndiyo maana unachanika kidogo kidogo kila hatua. Fupisha hatua, miguu iende haraka haraka, utue chini ya nyonga, goti likiwa limekunjika kidogo. Macho yawe mita 3 hadi 5 mbele, si kwenye vidole. Mizizi iliyolowa usiikanyage, iruke.

Mara moja kwa wiki tafuta mteremko wa dakika 3 hivi, ushuke mara 4, wiki inayofuata 5. Siku 10 kabla ya mbio, acha kabisa zoezi hili la kushuka.

Kucha kuwa nyeusi? Mguu unateleza ndani ya kiatu. Kaza kamba karibu na kifundo, legeza za mbele, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya vidole vya mguu.

Kwenye mwinuko mkali tembea tu, mikono magotini. Hata washindi hutembea.