Tiketi ya leo, ndege nyingine leo hiihii: maswali yenu

Nimekaa kaunta ya wakala wa tiketi miaka mingi, na swali ninaloulizwa kwa sauti ya juu kuliko yote ni la kubadili ndege siku yenyewe ya safari. Haya ya wiki hii.

*Nina tiketi ya Dar–Mwanza ya saa kumi jioni. Kikao kimeisha mapema, nataka ya saa saba. Faini ni ndogo, mbona naambiwa niongeze hela nyingi? – Msomaji, Posta*

Kwa sababu faini siyo inayouma, ndugu yangu. Kinachouma ni tofauti ya nauli. Viti vya ndege moja huuzwa kwa madaraja ya bei yenye herufi zake, ingawa kiti ni kilekile na soda ni ileile. Ulipokata mapema, daraja la chini lilikuwa wazi, leo limejaa. Tuseme ulilipa 180,000 na sasa kiti kinauzwa 310,000: unaongeza 130,000, halafu faini juu yake. Kabla hujalipa, tazama tiketi mpya ya kwenda tu kwenye shirika jingine. Kuna siku inatoka nafuu kuliko kubadili. Uliza pia kama wanakubali usubiri nafasi bila malipo. Wengine hukubali, wengine hata kusikia hawataki.

*Nimekwama Tazara kwenye foleni, ndege inaondoka baada ya saa moja. Nifanyeje?*

Piga simu sasa hivi, ukiwa humohumo garini. Tiketi inabadilika kirahisi kabla ndege haijaondoka. Ikishaondoka wewe hukutokea, na hapo mfumo unaweza kufuta hata safari yako ya kurudi. Nimelishuhudia hilo. Mteja wangu mmoja alikaa kimya njia nzima akiamini atawahi, akamalizia na bodaboda, akaingia jengo la abiria viatu vimejaa tope. Mkanda wa mizigo ulikuwa umeshasimama na binti wa kaunta anafunga droo. Akapoteza ya Ijumaa na ya Jumapili pamoja, kwa simu ya dakika tatu ambayo hakuipiga.

*Nimeshachekini kwa simu, sasa kitufe cha kubadilisha hakionekani.*

Futa chekini kwanza, kitarudi. Kama begi limeshapokelewa, achana na simu, nenda kaunta: lazima walitafute walishushe, na ndege ikikaribia kuondoka watakukatalia.

*Nilikata kwa wakala Kariakoo. Shirika linanirudisha kwake, naye hapokei simu.*

Wakala wa namna hiyo anatuharibia jina sote. Siku ya safari nenda dawati la shirika uwanjani, mara nyingi wana uwezo wa kuichukua tiketi mikononi mwao. Ila usiende na zile herufi 6 za bukingi peke yake. Beba namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Kama huna hiyo namba, kuna uwezekano ulishikiwa nafasi tu na tiketi haikukatwa kabisa. Hapo anza kumtafuta wakala kwa miguu.

*Dada yangu yuko Houston, anasema Marekani kubadili ni bure. Kweli?*

Nusu kweli. Mwaka 2020 United, Delta na American waliondoa faini kwenye tiketi nyingi za ndani. Tofauti ya nauli ilibaki palepale, na zile tiketi za bei ya chini kabisa ziliachwa nje. Kuna pia sheria yao ya kurudishiwa hela ndani ya saa 24, lakini ni kwa aliyekata siku 7 au zaidi kabla ya safari. Kwa ndege ya leo haimsaidii.

*Siendi tena. Nimpe mdogo wangu tiketi?*

Hapana. Herufi iliyokosewa hurekebishwa, mtu habadilishwi.

*Ndege yetu inasogezwa mbele kila saa. Nihamie ya kesho asubuhi?*

Hamia, ila usibonyeze “badilisha” mwenyewe, utahesabiwa umeomba wewe na utalipa. Nenda dawatini useme: ndege yenu imechelewa, nihamisheni. Wakishaifuta wao, faini hudaiwi. Na omba waandike, hata kwa ujumbe wa simu, kabla zamu haijabadilika.